Jani la Miraa na Protini za Mwili: Maelezo juu ya Kuambata, Kufumbata na Kufungamana

Mnamo Mei 2024 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku uingizaji, uchukuzi na uuzaji wa muguka. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Upande wa wakulima wa Embu, ambako muguka wa Mbeere ndio unaolipa karo na kuezeka nyumba, ulikwenda mahakamani, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu iliyoketi Embu ikaisimamisha amri ya Mombasa kwa muda. Serikali ya nchi nayo ikashikilia kuwa miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023. Katika mabishano yale maneno mawili ndiyo yaliyopambana: "zao" na "dawa za kulevya". Aliyesema zao aliliona shamba. Aliyesema dawa za kulevya aliwaona vijana wanaokesha barazani. Lakini kile kilicho kati ya shamba na baraza, yaani kazi ambayo jani huifanya likishaingia mwilini, hakikupata maneno.

Makala hii inakusudia kukieleza kitu hicho cha katikati. Molekuli moja ya jani hushikana na protini kadhaa za mwili wa binadamu, na namna ya kushikana huko ndiyo inayoamua kama matokeo yataitwa starehe, ugonjwa au tiba. Kwa kuwa jambo zima limo katika namna ya kushikana, Kiswahili, ambacho vitenzi vyake vina viambishi mahususi vya mguso, vya kukaa katika hali, vya kutendana na vya kutendua, kina uwezo wa kulieleza kwa usahihi kuliko inavyodhaniwa na wengi. Uwezo huo haujatumiwa ipasavyo. Msomaji wa Kiswahili hupewa hukumu, "ina madhara" au "haina madhara", bila kupewa ushahidi uliozaa hukumu hiyo.

1. Protini na vitenzi vyake

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina ishirini za asidi hizo hupangwa moja baada ya moja kama shanga katika uzi, na mpangilio wa shanga ndio unaoamua jinsi uzi utakavyojikunja. Umbo litokanalo na kujikunja huko ndilo liipalo protini kazi yake. Juu ya umbo hilo kuna vishimo, kingo na nyuso, na hapo ndipo protini hukutana na vitu vingine: protini zenzake, chumvi, homoni, dawa, sumu. Protini ifanyayo kazi bila kugusana na kitu chochote haijulikani.

Mfano mwepesi ni selimundu. Hemoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni, kila molekuli ikijitegemea. Katika ugonjwa huu shanga moja tu imebadilika: ya sita katika mnyororo wa beta, ambayo ilipasa kuwa asidi glutamiki, imekuwa valini. Oksijeni inapopungua, valini hiyo hujichomeka katika kishimo cha hemoglobini jirani, jirani naye humshika mwingine, hata zikatokea nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nzima kama mundu. Hapana sumu iliyoingia mwilini wala kidudu. Ugonjwa wote ni kushikana kusikopasa. (Maradhi haya ni ya pwani na ya kandokando ya Ziwa Victoria zaidi kuliko ya nyanda za juu za Meru, kwa sababu zinazohusu malaria ambazo si mahali pake hapa.)

Waandishi wengi hutumia neno "mwingiliano" kwa mambo haya yote. Neno hilo si kosa, ila ni pana mno. Mipaka ya mashamba huingiliana, ratiba za masomo huingiliana, na wageni wasioalikwa huingilia mazungumzo. Msomaji anapoambiwa kuwa dawa na protini "huingiliana" hajui kama vitu hivyo vimegusana, vimebanana au vimezuiana. Ni afadhali mwandishi aitazame sarufi. Kiswahili kina kiambishi cha mguso, -at-, ambacho ingawa hakizalishi tena vitenzi vipya kwa wepesi kimeacha kundi zuri la maneno: kamata, ambata, pakata, fumbata. Kina -am- ya kukaa katika hali fulani, kama katika fungama na kwama. Kina -an- ya kutendana, ambayo haihitaji maelezo. Na kina -u- ya kutendua, iliyomo katika fungua, fumbua, ambua.

Kwa hiyo yawezekana kutenga hali tatu. Kitu "huambata" protini kinapoigusa kwa juu na kunata, kama jani bichi liambatavyo ukuta wenye maji. Kiambatacho huweza kuambuliwa. Protini "hufumbata" molekuli ndogo kishimo chake kinapojifunga juu yake, kama kiganja kifumbatavyo sarafu. Ikiisha kazi hufumbua. Protini mbili "hufungamana" zinaposhikana uso kwa uso, bila mmoja kuwa kiganja na mwingine sarafu. Dawa nyingi za hospitali hufumbatwa kisha zikaachiliwa. Aspirini ni tofauti: huacha kipande chake kimefungwa ndani ya kimeng'enya inachokizuia, na chembe sahani za damu zilizoguswa nayo hubaki hivyo mpaka zitakapokufa. Hapo kitenzi fumbua hakina kazi tena, na msomaji huelewa mara moja kwa nini athari ya kidonge kidogo cha aspirini huonekana katika damu kwa siku kadhaa.

2. Kinywani na barabarani

Mti wenyewe kitaalamu huitwa Catha edulis. Jina hilo lilitolewa na Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemen mwaka 1763, na likachapishwa mwaka 1775 katika kitabu kilichotolewa na msafiri mwenzake, Carsten Niebuhr. Katika milima ya Nyambene, kwa Waigembe na Watigania, mti huu ni wa jadi: miraa hupelekwa katika mazungumzo ya ndoa, na miti mikongwe iitwayo mbaine ndiyo inayosifiwa kuliko yote. Upande wa Embu, wakulima wa Mbeere huchuma muguka, nao ni majani machanga yatafunwayo yenyewe, ilhali mla miraa wa Meru hutafuna pia ganda laini la kijiti. Pwani husemwa mairungi, Tanzania mirungi na gomba. Vijana wa Nairobi wana veve na jaba. Yafaa itajwe pia kwamba upatanisho wa kisarufi wa maneno haya haujatulia. "Miraa inauzwa" hakuonyeshi kama msemaji anafikiria miti mingi au bidhaa moja, kwa kuwa kiambishi i- hutumika kwa yote mawili. Nao watu husema "muguka umepigwa marufuku" na "muguka imepigwa marufuku" katika mazungumzo yale yale.

Kushikana kwa kwanza hutokea kinywani, na Kiswahili kina neno lake tangu kale: ukakasi. Jani lina tanini nyingi. Tanini huambata protini za mate, hasa zile zenye asidi amino iitwayo prolini kwa wingi, zikagandamana na kuacha ulimi na mashavu bila ulainishi. Ukavu na ukwaruzaji unaosikika ni alama ya protini zilizoondolewa kazini. Mtafunaji wa Maua au Kiritiri hahitaji maabara ili kuutambua. Huweka bigijii kinywani, au hunywa soda, au huongeza njugu, na utafunaji huendelea. Ni ajabu kidogo kwamba wanafasihi huzungumzia "ukakasi" wa lugha ya shairi kila siku, ilhali vitabu vya sayansi havijalitumia neno hili mahali linapostahili zaidi.

Kabla ya kufika kinywani, hata hivyo, jani limekwisha kuwa na kisa chake cha protini. Kiini cha nguvu ya miraa ni molekuli iitwayo kathinoni, iliyotengwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa ya mihadarati. Hapo kabla wataalamu waliijua kathini tu, ambayo ni dhaifu zaidi, na walikuwa wakishangaa kwa nini haikutosha kueleza yale waliyoyaona kwa watafunaji. Sababu ni kwamba walikuwa wakichunguza majani makavu. Kathinoni hukaa zaidi katika majani machanga na ncha. Jani likikomaa, au likichumwa likaanza kunyauka, kathinoni hugeuzwa kuwa kathini na norefedrini, na mageuzo hayo ni kazi ya kimeng'enya, yaani protini ya mmea yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987, wa sampuli 22 za majani mabichi, ulipata wastani wa miligramu 36 za kathinoni katika kila gramu 100, pamoja na miligramu 120 za kathini na 8 za norefedrini.

Mtu aliyeziona gari za pikapu zikishuka kutoka Maua kuelekea Nairobi kwa mwendo wa kutisha, zimesheheni mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya migomba, atakuwa ameona athari ya kimeng'enya hicho. Jani la mgomba huhifadhi unyevu na kuchelewesha kunyauka. Dereva naye hushindana na muda uliobaki. Baada ya siku mbili hivi mzigo hupoteza thamani. Ndege za kwenda Somalia kutoka Uwanja wa Wilson hupangwa kwa kufuata saa hiyo hiyo. Biashara nzima, pamoja na ajali zake, imejengwa juu ya molekuli isiyokaa.

3. Kivuko cha dopamini

Ubongoni, neva moja hupeleka ujumbe kwa nyingine kwa kumwaga kemikali katika mwanya mwembamba ulio baina yao. Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini, ihusikayo na hamu, uchangamfu, raha na mwendo wa viungo. Ujumbe ukiisha kufika, dopamini haina budi iondolewe, la sivyo neva ya pili itaendelea kusikia mlio ambao umekwisha. Kazi hiyo hufanywa na protini isafirishayo dopamini. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1991. Ni mnyororo wa asidi amino 620 unaoupenya utando wa neva mara kumi na mbili, ukifanya kitu kama kivuko chenye milango miwili isiyofunguka kwa wakati mmoja. Mlango wa nje hufunguka; dopamini huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu na moja ya kloridi; kishimo huifumbata; mlango wa nje hufungwa na wa ndani hufunguka; abiria hushuka. Asidi amino ya 79, nayo ni asidi aspatiki, ndiyo inayoushika upande wa naitrojeni wa abiria.

Umbo la vivuko vya namna hii lilijulikana polepole. Mwaka 2005 lilipatikana umbo la jamaa yao wa mbali katika bakteria. Mwaka 2013 la kivuko cha dopamini cha nzi wa matunda. Na mwaka 2024, mwaka ule ule wa mabishano ya muguka, wataalamu walichapisha umbo la kivuko cha binadamu. Hilo la mwisho lilikuwa na maana kubwa kwa watafutaji wa dawa, kwa kuwa hapo kabla walikuwa wakipima vazi la mtu kwa kivuli cha ndugu yake.

Kathinoni hutofautiana na amfetamini kwa atomi moja tu ya oksijeni iliyochukua nafasi ya hidrojeni mbili. Kwa sababu hiyo Peter Kalix wa Geneva, ambaye katika miaka ya 1980 alipima vipande vya ubongo wa wanyama na kuona kathinoni ikitoa dopamini kutoka katika ncha za neva, aliiita amfetamini ya asili. Kishimo cha kivuko hakiwezi kuibagua: huifumbata kana kwamba ni dopamini na kuivusha ndani. Ikiwa ndani huanza kuvuruga. Mengi yanayojulikana juu ya hatua zifuatazo yalichunguzwa kwa amfetamini, na inapasa yasomwe hivyo. Dopamini iliyohifadhiwa katika vifuko vya neva huvuja. Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika fosfati katika mkia wa kivuko uliomo ndani ya neva. Mkia huo pia hufungamana na protini nyingine, mojawapo ikiwa sintaksini, na kufungamana huko hubadilika. Basi kivuko, ambacho kazi yake ni kurudisha watu nyumbani, huanza kuwatoa nyumbani na kuwatupa ng'ambo. Mwanya hujaa dopamini ambayo hakuna neva iliyokusudia kuimwaga.

Hiyo ndiyo hali ambayo watafunaji huiita handasi: maneno hutiririka, usingizi huondoka, mipango mikubwa hupangwa. Katika Kiswahili sanifu neno hilo ni la elimu ya maumbo na vipimo. Asili yoyote iwayo ya matumizi ya watafunaji, wanaelezea bila kujua jambo ambalo kwa kweli ni la umbo la kishimo. Kivuko cha noradrenalini nacho hudanganywa vivyo hivyo, ndiyo sababu moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda na hamu ya chakula hukatika. Uchunguzi uliofanywa Yemen umehusisha utafunaji na mshtuko wa moyo.

Hapa ndipo neno "kulevya" linapokwama. Kulewa, katika maana yake ya kawaida, ni kulegea na kupoteza mwelekeo. Mtafunaji hulalamikia kinyume chake, kwamba macho hayafumbi. Anapoambiwa kuwa jani lake ni dawa ya kulevya huona anasingiziwa, na hoja nyingine zote, hata zile za haki, humpita sikioni. Sheria ya Tanzania huiweka mirungi katika dawa za kulevya, na sheria ina uhuru wa kuwa na majina yake; lakini mwalimu wa afya ambaye anataka kusikilizwa Meru afadhali aseme "huchochea" au "hukesheza", ndipo aendelee kusema yanayofuata baada ya kukesha.

Tofauti ya kipimo nayo isisahaulike. Kathinoni iliwekwa mwaka 1986 katika orodha ya kwanza, iliyo kali kuliko zote, ya Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1971 juu ya dawa ziathirizo akili. Mmea wenyewe haukuwekwa, na kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilipoupitia mwaka 2006 haikupendekeza uwekwe. Baadhi ya nchi zilikata shauri vingine: Uholanzi iliupiga marufuku mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, hii ya pili ikipinga ushauri wa baraza lake lenyewe la wataalamu. Mtafunaji huitoa kathinoni kidogo kidogo kwa meno yake, na kilele chake katika damu hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Unga uliotengenezwa maabara hufika kwa ghafla. Protini ni ile ile. Kasi ya kuijaza ndiyo iliyo tofauti, na kasi hiyo ina sehemu kubwa katika kumfanya mtu awe mtumwa wa kitu. Hilo haliondoi ukweli kwamba mtafunaji wa kutwa kucha, siku baada ya siku, hujinyima usingizi ambao akili haiwezi kuukosa, na kwamba baadhi yao huishia katika maradhi ya akili.

4. Ndugu wa kathinoni hospitalini

Mwaka 1969 mkemia Nariman Mehta, akifanya kazi Marekani katika kampuni ya Burroughs Wellcome, alitengeneza molekuli ambayo baadaye iliitwa bupropioni. Kikemia ni ya ukoo wa kathinoni. Hakuitoa katika miraa. Kathinoni yenyewe ilikuwa bado haijatengwa. Wakemia walilifikia tawi kabla ya kuujua mti. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa ugonjwa wa huzuni, ikaondolewa sokoni mwaka uliofuata kwa sababu ya wagonjwa waliopatwa na degedege, ikarudi mwaka 1989 kwa kipimo kilichopunguzwa, na mwaka 1997 ikaruhusiwa kuwasaidia watu kuacha tumbaku.

Je, imekuwaje ndugu mmoja akaorodheshwa na Umoja wa Mataifa na mwingine akaandikwa na daktari? Jibu limo kivukoni. Kathinoni hufumbatwa na kuvushwa. Bupropioni hufumbatwa, lakini haivushwi: hukaa kishimoni na kukifanya kivuko kisiondoke. Dopamini iliyomwagwa kwa kawaida hubaki mwanyani kwa muda mrefu zaidi kidogo, wala haimwagwi nyingine juu yake. Zaidi ya hayo, hushika kwa nguvu hafifu, na huzuia pia vipokezi vya nikotini. Tofauti kati ya kitenzi "vuka" na kitenzi "kaa" ndiyo tofauti kati ya mambo hayo mawili, na hakuna neno la kigeni linalohitajika ili kuieleza. Kokeini nayo hukaa bila kuvuka, jambo linaloonyesha kuwa kitenzi kimoja hakitoshi na kwamba nguvu na kasi ya kushika inapaswa kutajwa pia; lakini mwenye kitenzi sahihi amekwisha fika nusu ya njia.

Utafutaji wa dawa wa siku hizi umeingia katika mahali pagumu zaidi, yaani penye protini mbili zilizofungamana. Kishimo ni rahisi kukiziba. Uso mpana na laini uliolala juu ya uso mwingine hauna mahali pa kushika. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kuwa haiwezekani. Mwaka 2016 iliidhinishwa Marekani dawa ya venetoklaksi, kwa aina mojawapo ya saratani ya damu. Katika saratani hiyo protini iitwayo BCL-2 hufungamana na protini ambazo zingeiamuru seli mbovu ife, ikazifanya mateka. Dawa huingia katika mfereji ulio juu ya BCL-2, ikachukua mahali pa mateka, nao wakafunguliwa. Seli hufa kama ilivyopasa kufa. Kauli ya kutendua haijapata kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Na kivuko cha dopamini kina ugonjwa wake mwenyewe. Mwaka 2009 ilielezwa kuwa watoto fulani, ambao viungo vyao hukakamaa na kutetemeka tangu uchanga kama vya wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, wamerithi jeni mbovu ya kivuko hicho kutoka kwa wazazi wote wawili. Katika baadhi ya kasoro hizo protini ingeweza kufanya kazi, lau ingefika utandoni. Ila haikujikunja sawasawa, na seli, ambayo ina walinzi wa jambo hilo, huizuia ndani na kuivunja. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba, katika seli zilizokuzwa maabara, bupropioni iliweza kuzisaidia baadhi ya protini hizo mbovu kujikunja na kufika mahali pake. Molekuli iliyo ndugu wa kathinoni huingia katika kishimo kisichokamilika na kukishikilia mpaka kikamilike. Si tiba bado. Ni dalili tu kwamba kufumbatwa kunaweza pia kuwa kulea.

Protini na molekuli zifanyazo kazi hiyo ya kuisindikiza protini changa hadi ikae vizuri hazina jina lililokubaliwa katika Kiswahili. "Protini saidizi" halisemi kitu, kwa kuwa kila protini husaidia nyingine. Neno linalofaa liko pwani: kungwi. Kungwi hamwolei mwari wala haishi naye maisha. Humfunza, humweka sawa, humfikisha, kisha huondoka. Ndivyo zifanyavyo protini hizo. Wapo watakaosema kuwa neno hilo ni la unyago na halifai maabara. Lakini "kimeng'enya" nalo lilitoka katika kitenzi cha kumega na kuvunjavunja, likaingia kamusi za sayansi na vitabu vya shule, na leo hakuna mwanafunzi anayelicheka.

5. Zahanati

Jambo lililobaki ni la karibu zaidi kuliko vivuko vya ubongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watafunaji wa Yemen waliopewa ampisilini na amoksilini. Kiasi cha ampisilini kilichoingia mwilini kilipungua sana kwa waliomeza dawa karibu na wakati wa kutafuna. Amoksilini ilipungua kidogo zaidi. Yadhaniwa kuwa ni tanini zile zile za ukakasi, ambazo huiambata dawa tumboni isipenye. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2015, ulionyesha kuwa miraa huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, ambacho huvunja dawa nyingi za moyo na za akili. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kubaki na dawa nyingi mno mwilini badala ya chache mno. Mambo mawili yaliyo kinyume hutokana na jani moja, na muuguzi wa Laare au Siakago hana budi ayaeleze kwa maneno ambayo mgonjwa ataondoka nayo.

Kilicho rahisi ni kusema: "Usichanganye dawa na miraa." Mgonjwa huelewa kuwa amechaguzwa, na aghalabu huchagua miraa. Uchunguzi wa 1997 ulipendekeza njia nyingine, kwamba dawa hizo mbili zimezwe muda wa saa mbili baada ya kumaliza kutafuna. Shauri hilo ni jema, ila muuguzi ajihadhari na lugha yake. "Meza dawa saa mbili baada ya miraa" ni sentensi ambayo Mswahili yeyote anaweza kuisikia kuwa ni saa mbili ya usiku, na mtafunaji, ambaye saa hiyo ndiyo kwanza handasi imempanda, atameza dawa katikati ya utafunaji, yaani wakati ule ule ambao vidonge vyote viwili vilionekana kupungua nguvu. Aseme: "Ukiisha kutafuna, ukatema, hesabu muda wa saa mbili kamili, ndipo umeze, kabla ya hapo ukakasi ulioko tumboni utaishika dawa isipite."